Kalamu ya Mpingo Kutoka Kilwa

Msomaji mpenzi, ukipanda gari la kusini alfajiri pale Dar es Salaam, ukavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, utaona nchi inabadilika kidogo kidogo. Mashamba yanapungua, nyumba zinasimama mbali mbali, na kando ya barabara msitu unasogea karibu. Zamani safari hii ilikuwa ya taabu. Watu walivuka Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika magari yalilala ng'ambo. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, na siku hizi mtu aliyetoka Dar es Salaam asubuhi aweza kula chakula cha mchana Kilwa. Walakini njia ya kusini haijaacha ukaidi wake wote: mwezi wa Mei mwaka 2024 mafuriko yaliikata katika wilaya ya Kilwa, na magari yakakaa foleni pande zote mbili yakingoja maji.

Ukifika njia panda ya Nangurukuru, kushoto ni Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, mbele ni Lindi. Nataka ushuke hapo. Sikuiti kwa ajili ya magofu ya Kilwa peke yake, ambayo pengine umekwisha yasoma katika vitabu vya shule. Nakuita kwa ajili ya kitu kidogo kinachotosha mfukoni mwa shati. Ni kalamu, nayo hutengenezwa kwa mti ambao umeupita mara nyingi tangu asubuhi bila kuujua.

Mti huo ni mpingo. Ukionyeshwa mara ya kwanza labda utasikitika, maana ulitazamia mti wa fahari. Mpingo haufanani na mvule wala mkangazi. Ni mti usio mrefu sana, umepinda, una miiba, na mara nyingi mashina yake hutoka mawili au matatu pamoja, kama watu waliogombea mlango mmoja. Gome lake ni la kijivu. Ukilikata utakuta kwanza mti mweupe wenye umanjano, mwembamba. Kisha ndani ndimo ulimo moyo wake, mweusi wenye kuelekea zambarau. Tupa kipande cha moyo huo katika ndoo ya maji, nacho kitazama kama jiwe. Shoka jipya hupoteza makali yake mbele ya mpingo, na wakata mbao wanajua ni mara ngapi wanapaswa kukaa chini na kunoa.

Tena mpingo hauna haraka. Miaka 70 hata 100 hupita kabla shina lake halijafaa kuvunwa. Ule unaoangushwa mwaka huu pengine uliota babu yako alipokuwa akichunga mbuzi. Huko Ulaya mafundi wa vyombo vya muziki wanautafuta sana, kwa klarineti, kwa obo, na kwa zile zumari za mifuko za Uskoti, ambazo ni ndugu za mbali za zumari yetu ya pwani. Lakini mafundi hao ni wachaguzi. Hawataki ufa, hawataki fundo, hawataki doa la weupe. Kwa hiyo gogo likiingia kiwandani, sehemu ndogo tu ndiyo inayokubaliwa. Iliyobaki ni vipande, na vipande hivyo, msomaji, ndilo jambo langu leo. Mara nyingi mwisho wao ni motoni.

Fikiri kidogo. Mti umengoja karibu miaka mia, umepona moto wa nyika kila kiangazi, na sehemu kubwa ya moyo wake inachemsha chai.

Kabla sijakupeleka kwa fundi, twende kwanza ng'ambo. Kutoka gati la Kilwa Masoko mpaka Kilwa Kisiwani ni mwendo mfupi wa mashua, na kutoka majini unaona ngome ya Gereza ikikukabili. Mwaka 1331 alifika hapa msafiri wa Moroko, jina lake Ibn Battuta. Kitabu cha safari zake kinausifu mji wa Kilwa kuwa ni mzuri, na kinasema ulijengwa kwa mbao. Ukitazama mawe ya Msikiti Mkuu utashangaa kwa neno hilo, lakini ndivyo kilivyoandika. Sultani wa siku zile, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa kwa jina la heshima Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake. Inasimuliwa kwamba maskini mmoja alimwomba nguo alizokuwa amezivaa, naye akaingia ndani, akabadili, akampa. Habari yenyewe haiishii hapo, wala haifai kukatwa: baadaye maskini yule alipewa pia watumwa na pembe za ndovu. Ndiyo zawadi za enzi zile. Na katika karne ya 19 watu wengi waliteremshwa kutoka bara mpaka Kilwa Kivinje na kuuzwa kama mizigo. Mwenye kusifu ukarimu wa kale na akumbuke nani alilipa.

Zaidi ya vipawa, Kilwa ni mji wa kalamu tangu kale. Watu wake waliandika historia ya masultani wao kwa Kiarabu katika karne ya 16. Tena barua za kale kuliko zote zinazojulikana katika lugha yetu ya Kiswahili ziliandikwa katika nchi hii ya Kilwa, mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na rafiki zao, na leo zimehifadhiwa Goa, nchini India. Wewe unayesoma gazeti hili kwa Kiswahili, baba zako wa barua walikuwa hapa. Waandishi wa pwani walitumia kalamu ya tete, iliyochongwa kwa kisu kikali, ikapasuliwa ncha ili iteremshe wino. Neno lenyewe kalamu tulilipata kwa Waarabu, na wao walikuwa wamelipata kwa Wayunani, kwao likiwa na maana ya unyasi ule ule.

Kisha zikaja kalamu za chuma za kuchovya, na kidau cha wino kwenye tundu la dawati. Wamisionari Wabenedikto walifika Lukuledi mwaka 1895, Nyangao mwaka 1896, na Ndanda mwaka 1906; na shule zilipokwenda, kalamu zilikwenda. Mimi ni karani wa parokia, na katika vitabu vya ubatizo vya zamani ninaona mwandiko wa wino wa kuchovya, mnene penye kushuka, mwembamba penye kupanda, na bado unasomeka. Wino wa peni za bei rahisi za siku hizi umeanza kufifia katika kurasa ambazo hazijafikisha miaka ishirini. Lakini hilo ni la makarani. Turudi kwenye mti.

Labda utaniuliza: je, ni halali kuutumia mpingo, nasi tunasikia kila siku kwamba misitu inakwisha? Swali lako ni la haki, na jibu lake ndilo linalotenganisha kalamu nzuri na kalamu ya wizi.

Lile daraja nililolisifu lilileta pia balaa. Baada ya mwaka 2003 malori ya magogo yaliongezeka sana njia ya kusini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya ushuru wa mbao za kusini ilikuwa ikipotea, na wanakijiji waliokuwa wakikaa na miti hiyo walipata kidogo sana. Mti ulikwenda, kijiji kikabaki na kisiki. Lakini kulikuwapo tayari Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuupangia utaratibu, kuvuna na kubaki na mapato yake. Katika wilaya ya Kilwa vijiji kadhaa viliishika sheria hiyo kwa msaada wa shirika la MCDI, lenye ofisi Kilwa Masoko, ambalo kazi yake ilianza kwa ajili ya mpingo huu huu. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unatunzwa na kuvunwa kwa haki. Katika Afrika nzima haikuwapo misitu ya asili ya wanakijiji iliyokitangulia cheti hicho. Vijiji vya watu wa jembe, na wakawa wa kwanza Afrika! Sijui kwa nini habari hii haiimbwi mashuleni.

Katika msitu wa namna hii miti huhesabiwa kwanza. Mwembamba hauguswi. Unaokatwa hutiwa alama ya nyundo, na gogo likisafiri hufuatana na hati yake. Basi fundi mwema aweza kukwambia vipande vyake vilitoka wapi, na akakuonyesha risiti. Fundi akianza kutazama juu ukimwuliza, mshukuru, uende zako.

Sasa njoo karakanani. Usitazamie jengo kubwa. Ni banda la makuti, kibao cha kukalia, na kerezo. Pengine kerezo linazungushwa kwa umeme, pengine kwa mguu. Na fundi hodari asiye na kerezo hutumia kisu, tupa na uvumilivu. Kipande cha kufaa kalamu ni kidogo: urefu wa sentimita 13 na unene wa sentimita 2 vyatosha. Ndiyo sababu nasema masalio ya kiwanda ni mali. Kipande kisichofaa klarineti chaweza kutoa kalamu nne au tano.

Kwanza kipande hukaushwa. Hapa ndipo wengi wenye haraka wanapoharibu. Mpingo ukikaushwa juani hupasuka usiku wa kwanza, kwa hiyo vichwa vyake viwili hupakwa nta, kisha vipande hupangwa kivulini penye hewa, navyo hukaa miezi mingi. Fundi mmoja hutia alama ya mwezi kwa chaki kwenye kila fungu, asije akadanganywa na tamaa yake mwenyewe.

Kazi ngumu kuliko zote ni kutoboa. Tundu sharti lipite katikati sawasawa, jembamba kama mrija wa wino, katika mti unaopigana na chuma. Keekee ikishindiliwa kwa nguvu hupata moto, na mpingo ukipata moto hupasuka kwa sauti ndogo ambayo fundi anaichukia. Hutoboa kidogo, huitoa keekee, huipangusa, huiacha ipoe, hurudi tena. Wengine hutoboa kutoka pande zote mbili ili wakutane katikati. Kwa desturi kalamu moja katika nne au tano hufia hapo.

Baada ya hapo ni raha. Kipande huzunguka, patasi hugusa, na vumbi jeusi hutoka. (Vumbi hilo si la kuchezea. Huwasha ngozi na kukereketa kifua, na fundi asiyefunga kitambaa puani atakuja kulijua.) Umbo huanza kuonekana: mbele pembamba penye kushikwa na vidole vitatu, katikati panene kidogo, nyuma pa mviringo. Kisha msasa. Wazee walitumia majani makavu ya mti wa msasa wenyewe, ambao jina lake tumelipa karatasi ya dukani. Kwa mbao nyingine ungetafuta vanishi, mpingo hauhitaji. Una mafuta yake mwenyewe, ukisuguliwa kwa kitambaa na nta kidogo hung'aa kama jiwe la mtoni. Mafuta hayo hayo huifukuza gundi, kwa hiyo mwenye kutia pete ya shaba hupangusa kwanza kwa spiriti.

Mafundi wengine huacha kwa makusudi mstari wa ule weupe wa nje ubavuni mwa kalamu, mweusi na mweupe pamoja. Hupendeza macho, nami sikatai. Lakini weupe huo ni laini na wadudu huupenda. Kwa zawadi ya kukaa miaka mingi, mimi huomba moyo mtupu.

Sasa sikiliza neno la mrija, maana hili ndilo linaloua kalamu nyingi nzuri. Ziko kalamu za mbao zinazotengenezwa kwa vyuma vilivyoagizwa mbali, zenye kubofya na kuzunguka. Ni nzuri kuziona. Lakini mrija wake wa wino hauuzwi dukani kijijini kwako, wala tarafani. Wino ukiisha, kalamu inalazwa kabatini pamoja na saa isiyo na betri. Mwambie fundi akutobolee tundu la mrija wa peni ya kawaida, ile ya duka la kila kijiji. Kalamu ikiwa fupi, mrija hufupishwa kwa wembe upande wa nyuma, pale wino usipofika, na kile kichwa cha shaba hukazwa mbele. Wino ukiisha, unanunua peni, unavuta mrija wake, unautia katika mpingo. Mwanafunzi maskini aweza kuitunza kalamu ya namna hii tangu kidato cha kwanza hata akawa mwalimu.

Uwe macho na wadanganyifu pia. Katika miji ya watalii vitu vingi huuzwa kwa jina la mpingo, navyo ni miti myepesi iliyopakwa dawa ya viatu. Chovya kitambaa cheupe katika maji, usugue: kikitoka cheusi kama soli, umejua. Pima uzito mkononi. Kalamu nzima ina tundu ndani, kwa hiyo usiihukumu kwa ndoo ya maji. Mwombe fundi kipande cha salio la mti ule ule, utie hicho.

Kwa kuwa mpingo unalindwa na mapatano ya mataifa tangu tarehe 2 Januari mwaka 2017, wengine huogopa kumpa mgeni anayerudi ng'ambo. Gogo na ubao sharti viwe na kibali. Kwa vitu vilivyokwisha tengenezwa, vyenye uzito mdogo, kanuni zililegezwa mwaka 2019. Kalamu moja ya padre mgeni si neno. Walakini mwekee risiti ya fundi katika bahasha, forodhani hawapendi hadithi.

Je, kalamu zitakitajirisha kijiji? Hapana, nami sitakudanganya. Mapato makubwa yatabaki kuwa ya magogo na mbao, yanayojenga madarasa na kuchimba visima. Lakini angalia jinsi fedha zinavyogawanyika. Gogo likiuzwa, mapato huingia katika mfuko wa kijiji, na vijana waliokata hulipwa kibarua cha siku chache. Salio likikerezwa hapa hapa, kuna kijana mmoja anayekaa na kazi mwaka mzima, na hakukata mti hata mmoja zaidi. Kijana huyo asipopata kerezo, atapata nini? Wengi katika pwani hii wanaijua kazi moja tu ya msituni isiyohitaji mtaji, nayo ni kuchoma mkaa. Na tanuru halichagui kati ya mpingo mkubwa na mche. Shule zetu za ufundi zinafundisha useremala wa milango na vitanda, na ni vema. Kerezo moja katika kila shule ya Jimbo letu la Lindi, na somo la kutoboa mti mgumu, halitagharimu kama vile watu wanavyofikiri.

Wazazi, wakati wa zawadi unakuja kila mwaka: Kipaimara, kumaliza darasa la saba, upadrisho wa kijana wa parokia, mwalimu anayestaafu. Tumezoea kutoa doti ya kanga, saa ya ukutani, au bahasha. Ukitaka kalamu, nenda kwa fundi miezi mitatu kabla, siyo wiki moja, maana fundi aliyeharakishwa atakutolea kipande kibichi. Jina liandikwe kwa waya wa moto, herufi chache tu, maana jina refu huifanya kalamu ionekane kama bango. Usibishane bei mpaka fundi ajute. Kumbuka zile nne au tano ambazo moja ilipasuka. Akina mama wa pwani hushona mifuko midogo ya ukili, na mfuko mmoja wa urefu wa kiganja hufaa kalamu kuliko sanduku la plastiki, maana hewa hupita.

Na ndani ya mfuko huo tia mrija mmoja wa akiba. Mtoto atataka kuandika siku ile ile, na mirija ya dukani mara nyingine imekauka.